Ondoa Kwanza, Paka Baadaye: Mimea Inayowasha Kandokando ya Ziwa

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya walimu, wazazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii)



Nimeombwa nizungumzie upupu, na nitauzungumzia kwa kirefu. Lakini nimeomba ruhusa ya kuongeza mimea mingine michache, kwa sababu mtu akija ngozi imemwiva, anajikuna mpaka damu, wengi wetu tuna jibu moja tu: "Hiyo ni aleji, nenda duka la dawa wakupe krimu." Jibu hilo linaumiza watu. Mmea unaweza kudhuru ngozi kwa njia tatu zisizofanana. Upo unaochoma kwa vinyweleo, upo unaounguza kwa utomvu, na upo ambao wenyewe haukufanyi kitu, ila kinga ya mwili wako ndiyo inayoukasirikia. Kila njia ina huduma yake ya kwanza, na njia zote tatu zinakubaliana jambo moja: dakika kumi za mwanzo ni za kuondoa kilichokugusa. Kupaka ni baadaye. Hilo ndilo neno nililokuja nalo.

Tuanze na upupu wenyewe. Ni mmea wa jamii ya kunde, unatambaa na kupanda juu ya vichaka na nyua, unatoa maua ya zambarau yanayoning'inia vishadavishada. Wataalamu wa mimea wanauita Mucuna pruriens. Maua yakishapita yanakuja maganda yaliyojipinda, yamefunikwa manyoya ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Yakiwa mabichi hayana makali sana. Mvua za masika zikikatika, kiangazi kikianza mwezi Juni, maganda yanakauka, na manyoya yale yanakuwa yameshikilia kidogo tu. Ng'ombe akijisugua pale, mtoto akivuta kuni chini ya kichaka, au upepo wa ziwa ukivuma jioni, yanapukutika.

Kila kinyweleo ni chembamba, ncha yake kali, na kimebeba kimeng'enya. Mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur, wataalamu wa ngozi wa Marekani, walionyesha kwamba kinachowasha ni kimeng'enya hicho, protini yenye uwezo wa kukata protini nyingine, nao wakaiita mukunaini. Ilichukua miaka mingine zaidi ya hamsini kufahamu inavyofanya kazi. Mwaka 2008 watafiti walibainisha kwamba mukunaini inaamsha moja kwa moja vipokezi fulani kwenye ngozi na mishipa ya fahamu. Haipitii histamini, ile kemikali ambayo mwili huimwaga mtu akiumwa na mbu au akila kitu kisichompatana.

Hapo, wahudumu wangu, mtaelewa kwa nini mtoto aliyemwagikiwa upupu anameza Piriton na kuendelea kulia. Dawa hiyo inazuia histamini, na muwasho huu hauendeshwi na histamini. Itamletea usingizi, na vinyweleo vitabaki vimesimama kwenye ngozi. Mkiviondoa, muwasho wa kawaida hupungua wenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja hivi. Mkiviacha, kila akijikuna anavizamisha zaidi, anavivunja, na anavihamisha kwa kucha kutoka mkononi kwenda shingoni, kutoka shingoni kwenda machoni.

Niwaonyeshe tunavyoviondoa, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kwanza mzuieni asikimbie na asijisugue. Msogezeni mbali na kichaka, upepo ukimpiga usoni mgeuzeni. Anayemhudumia avae glavu, au azungushe kitambaa kinene mikononi. Fulana yake msiivulie kichwani, kwa sababu mtaipitisha usoni. Ikiwa haina vifungo, ikateni kwa mkasi, fulana inanunulika. Kisha chukueni utepe wa gundi, ule mpana wa kufungia maboksi ndio mzuri zaidi. Ubandikeni juu ya ngozi, ubonyezeni kwa kiganja, inueni. Angalieni upande wa gundi mkiuelekeza kwenye mwanga, mtaona nywele fupifupi za rangi ya dhahabu zimelala pale. Tupeni kipande hicho, chukueni kingine. Endeleeni hivyo mpaka utepe utoke safi.

Kijijini utepe haupo? Ugali wa muhogo upo. Wasukuma wenzangu mnajua ugali wa udaga unavyonata. Chukueni tonge lililopoa, libonyezeni kwenye ngozi na kulinyanyua, bila kulisugua, na kila tonge litumike mara moja tu, likazikwe kuku wasilichakure. Baada ya hapo ndipo maji yaje, mengi, yakimwagwa kutoka juu, pamoja na sabuni. Msitumie dodoki wala jiwe la kusugulia. Kumkausha ni kwa kugandamiza taulo. Mwisho kabisa kitambaa kilicholowekwa maji baridi kimtulize.

Najua wazee wetu wanatumia majivu au udongo mkavu. Sitawabeza. Unga wowote mkavu ukimwagiwa na kukung'utwa taratibu unaweza kuondoka na baadhi ya vinyweleo. Ubaya unaanzia kwenye mkono: mtu anashika majivu anasugua kwa nguvu zote, akidhani dawa ni majivu. Mafuta ya taa nayapinga moja kwa moja. Yanaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, na mtoto akiyavuta au kuyameza mapafu yake yako hatarini.

Nguo zilizoingiwa upupu zisikung'utwe. Zilowekwe kwenye ndoo yake peke yake, zifuliwe kwa glavu na kusuuzwa mara kadhaa. Blanketi la bwenini lililowahi kupata upupu linaweza kumwasha mtoto mwingine kabisa wiki nyingine, na watu wakaanza kusema shule ina majini.

Hapo nimefika kwenye jambo linaloniuma. Walimu, mnajua desturi ya wanafunzi kupaka upupu kwenye kiti cha mwalimu, au kuumwaga kwenye vitanda vya wenzao. Jamii nzima inacheka. Mimi nimekaa na mtoto wa kidato cha pili aliyepata vinyweleo jichoni kwa mzaha wa aina hiyo, kope zimevimba, hawezi kuangalia dirishani, na kila akipepesa kioo cha jicho kinakwaruzwa. Mwenye pumu akiuvuta anaweza kubanwa kifua. Shule itunge kanuni iliyo wazi juu ya upupu kama ilivyo juu ya visu. Na iweke njia ya mtoto kusema haraka kwamba upupu umemwagwa bila kuogopa kwamba atapigwa yeye kwanza, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na jicho halisubiri kikao cha nidhamu.

Kinga yake ni panga na kalenda. Upupu ukatwe ungali kijani, una maua au maganda machanga, yaani kabla kiangazi hakijakomaa. Mkataji avae mikono mirefu, afunge shingo kwa kitambaa, avae miwani ya aina yoyote. Uliokwisha kukauka usichomwe moto ukiwa umesimama, kwa kuwa moto unainua hewa na manyoya yanapaa nayo. Loanisheni kwanza kwa maji, kateni, fukieni. Tena msiuchukie mmea wote: ipo aina isiyowasha ambayo wakulima huipanda kurutubisha udongo, na mbegu zake zina levodopa, kemikali ileile inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson.

Sasa mnyaa, wengine mnasema mnyara. Kwetu Usukumani nani hajakulia ndani ya uzio wa minyaa? Haunyauki kwa ukame, mbuzi hawautaki, unapandwa kuzunguka mji, zizi na hata makaburi. Maziwa yake meupe yana kemikali zinazounguza moja kwa moja. Hapa hakuna cha "mimi sina mzio". Yakiingia jichoni yanamdhuru kila mtu. Na yana mtego mmoja: mara nyingine mwanzoni yanawasha kidogo tu, mtu anafuta kwa kiganja, anamalizia kukata uzio, anakula, analala. Usiku maumivu yanapanda, asubuhi kope hazifunguki na anaona ukungu.

Kwa hiyo tone moja la mnyaa jichoni ni dharura, hata kama haliumi. Mlazeni mtu au aketi akiinamisha kichwa upande wa jicho lililoingiwa, ili maji yasitiririkie jicho lingine. Mwenzake anawe mikono kwa sabuni, maana kiganja chenye utomvu kitamwongezea. Afungue kope kwa vidole viwili, ya juu na ya chini, amwage maji safi taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje, huku mgonjwa akizungusha jicho juu, chini, kulia na kushoto. Kwa kutazama saa, ni dakika 15 hadi 20, nazo ni ndefu kuliko mnavyodhani, mtoto atalia na mtashawishika kuacha. Msiache. Sabuni ni ya ngozi, isiingie jichoni. Maziwa ya mama, maji ya sukari, asali na majani yaliyopondwa, vyote vikae mbali. Kisha hospitali siku hiyohiyo, Sekou Toure, Bugando, au ya wilaya yenu, na mtaje mmea kwa jina. Wakihudumiwa mapema, wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili na kuona vizuri.

Niongeze neno kuhusu watoto wanaochezea maziwa ya mnyaa kama gundi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani inayovimbisha taya za watoto, na ukanda wetu wa ziwa umo kwenye maeneo yake. Saratani hiyo inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba utomvu wa mnyaa unaweza kukiamsha kirusi hicho kikiwa kimelala ndani ya chembe hai. Sisemi mnyaa unaleta saratani, hilo halijathibitishwa. Nasema mtoto apewe gundi nyingine.

Njia ya tatu ndiyo inayotupoteza zaidi, kwa sababu haionekani inapoanza. Huko Marekani ya Kaskazini kuna mmea wa porini wenye majani matatumatatu, Toxicodendron radicans, ambao wazazi wa kule huwaonya watoto wao kama sisi tunavyowaonya kuhusu upupu. Utomvu wake una mafuta yaitwayo urushioli. Mmea huo haupo Mwanza. Ila ndugu zake wapo, na mmoja wao mmempanda uani: mwembe. Mwembe, mkorosho na mmea ule wa Marekani ni jamii moja, na utomvu wa kikonyo cha embe una kemikali zinazofanana na urushioli.

Mtu anaweza kula maembe ya Ukerewe miaka na miaka asipate lolote. Siku moja mwili unaamua kuyakataa. Tangu hapo, kila utomvu ukigusa ngozi, siku moja hadi tatu baadaye anatokwa vipele na malengelenge pembeni mwa mdomo, kwenye mashavu, kwenye mikono. Mwaka 1942 Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu, pamoja na Merrill Chase walionyesha kwamba mzio wa namna hii unabebwa na chembe za kinga zenyewe, si na majimaji ya damu. Chembe hizo zinahitaji muda kukusanyika kwenye ngozi, ndiyo sababu ya kuchelewa kule. Leo Jumatano mtoto anavimba mdomo, mama anakumbuka samaki wa jana, anaapa hatampa tena sangara. Kumbe ni embe alilolichana kwa meno Jumatatu. Ukikutana na vipele vya namna hii, uliza habari za juzi na majuzi.

Anayejijua ana mzio huu hana haja ya kuacha maembe. Alichume embe likiwa na kikonyo kirefu, alikate kikonyo akiwa ameliinamisha chini utomvu uchuruzike, alioshe, na mtu mwingine amenye. Nyama yake iliyomenywa vizuri wengi huivumilia. Utomvu ukikugusa, nawa kwa sabuni papo hapo. Baada ya nusu saa sehemu kubwa imeshazama. Na asiyezoea asibangue korosho mbichi nyumbani: mafuta ya ganda lake yanaunguza, na moshi wake ni mbaya.

Malengelenge yakishatoka, majimaji yake hayaambukizi. Hayahamishi ugonjwa kwa mwingine wala kwenye sehemu nyingine ya mwili. Vipele vinavyoonekana kusambaa siku ya tatu ni vya sehemu zilizoguswa na utomvu kidogo, vimechelewa kujitokeza. Mwalimu, usimrudishe mtoto huyo nyumbani. Kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini, na haidrokotizoni ya asilimia 1 kwa siku chache vinatosha kwa wengi. Uso ukivimba wote, au sehemu za siri zikiingiwa, aende kwa daktari, ambaye huenda akampa vidonge vya prednisoloni kwa wiki mbili au zaidi, akipunguza dozi polepole. Vidonge vya siku tano vya dukani hupoza, kisha vipele vinarudi kwa nguvu.

Na sasa niseme waziwazi kuhusu krimu. Krimu zenye steroidi kali, zile zinazonunuliwa pia kwa ajili ya mkorogo, zimekuwa dawa ya kila kitu. Ukizipaka kwenye fangasi, wekundu unapungua wiki ya kwanza, fangasi wanatanuka chini kwa chini. Ukizipaka usoni miezi, ngozi inakonda na mishipa inaonekana. Kwenye jicho zinaweza kupofusha. Tanzania ina bahati ya kuwa na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, na wataalamu waliofundishwa pale wanafanya kazi katika mikoa mingi. Ulizeni hospitali yenu nani anaona wagonjwa wa ngozi.

Gugu karoti nitalipitia haraka, ingawa siku moja huenda likahitaji mhadhara wake. Liliripotiwa Arusha mwaka 2010, na upande wa Kenya limefika mpaka maeneo ya Kisumu, ziwa lilelile. Mbegu zake husafiri na magari, mifugo na nafaka. Linaleta mzio wa uso, shingo na mikono kwa wakulima, na kwa wengine linakuwa la kudumu. Mkiliona, majani kama ya karoti na maua meupe madogomadogo, ng'oeni kwa glavu kabla halijachanua, na mwambieni afisa kilimo wa kata.

Mdudu mmoja pia anasingiziwa mimea: yule mwembamba mwekundu na mweusi tunayemwita nzi wa Nairobi, ingawa ni jamii ya mbawakavu. Haumi. Ukimponda shingoni, maji yake yanachora mstari unaounguza kesho yake. Mpulize aondoke, na ukishamponda nawa kwa sabuni.

Nimesema maji, maji, maji. Mtu aliyeingiwa upupu Igombe au Kayenze, maji ya kwanza anayoyaona ni ziwa, na anajitupa. Kwenye matete ya ufukweni ndiko wanakoishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, sembuse iliyochubuliwa kwa kucha. Vyenyewe pia huacha muwasho na vipele, na wapo wanaodhani upupu haujaisha. Maji ya ziwa yaliyochotwa yakakaa siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, bila konokono ndani, hayana tena vimelea hai vya kichocho, na yanafaa kuogea. Yatengwe kabisa. Jambo moja tu ninaliondoa kwenye kanuni hii ya kutotumia maji ya ziwa moja kwa moja: maziwa ya mnyaa yakiwa jichoni na hakuna maji mengine karibu, tumia ya ziwa mara moja, chota mbali na matete. Kichocho kina prazikwanteli. Kioo cha jicho kikishapata kovu hakina kidonge.

Wenyeviti wa mitaa na viongozi wa mialo, ninawaomba ndoo moja yenye mfuniko na bomba, maji yaliyokaa, na kipande cha sabuni, viwekwe pale wanawake wanapopasua kuni za kukaangia samaki na pale vijana wanapokata nyua. Walimu wakuu, wekeni glavu, mkasi na utepe mpana wa gundi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na mwezi Mei, kabla ya likizo, zungukeni uzio wa shule pamoja na wazazi wenye mapanga. Nanyi wahudumu wa afya, mkimkuta anayejikuna, mwulizeni juzi aligusa nini kabla hamjamwuliza amepaka nini.